'Kwa nyumba' si 'nyumbani': Lugha ya safari ya Krismasi Kibera na Kawangware

KUANZIA wiki ya pili ya Desemba, kuna swali linaloulizwa Nairobi kuliko hata "habari yako". Ni hili: "Unaenda lini?" Hakuna anayetaja mahali. Mwulizaji huchukulia kuwa kila anayeishi Kibera, Kawangware, Kangemi au Mathare ana mahali pengine ambapo ndiko hasa atokako, na kwamba Krismasi sharti imkute huko. Ukijibu "siendi", utatazamwa kwa huruma na pengine utaulizwa kama ni nauli. Ukijibu "sina pa kwenda", mazungumzo yatakwama papo hapo.

Leo nataka tuyatazame maneno yanayopakiwa katika safari hiyo pamoja na unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari na majani chai. Baadhi yake hukosolewa kila uchao na walimu wetu. Mengine nitayatetea, mengine nitayaacha yajitetee.

Tuanze na kosa mashuhuri. Yeyote aliyesomea Kiswahili katika shule za Kenya amewahi kuambiwa kwamba "niko kwa nyumba" si Kiswahili. Kanuni inafahamika. Nomino ya kawaida ikigeuzwa kuwa ya mahali huongezwa kiambishi -ni: shule huwa shuleni, soko huwa sokoni, nyumba huwa nyumbani. "Kwa" nayo huja kabla ya mtu mwenye mahali pake: kwa fundi, kwa daktari, kwa shangazi. Kwa msingi huo "kwa soko", "kwa gari" na "kwa kanisa" ni makosa, na sioni hasara yoyote kuyasahihisha. Anayesema "kwa soko" hakusudii jambo tofauti na anayesema "sokoni".

Lakini "kwa nyumba" ni kisa kingine. Nenda ukasimame Kawangware katika kituo cha 56 siku chache kabla ya Krismasi, mabasi ya kwenda Magharibi yanapojaza abiria na utingo wanapotangaza nauli ambayo haikuwapo Novemba. Utamsikia mwanamke akizungumza kwa simu: "Mama, niliacha watoto kwa nyumba nikakuja kukata tikiti. Nyumbani tutafika kesho asubuhi, Mungu akipenda." Sasa chukua kalamu nyekundu ya mwalimu uisahihishe sentensi hiyo: "Niliwaacha watoto nyumbani nikaja kukata tikiti. Nyumbani tutafika kesho asubuhi." Mama aliye Mbale au Butere atashangaa. Watoto wameachwa nyumbani gani, na watafikaje mahali walipo tayari?

Katika Kiswahili sanifu, "nyumbani" hubeba mizigo miwili: ndani ya jengo na mahali pa asili ya mtu. Mkazi wa Kawangware hakuweza kuvumilia mizigo hiyo ifungwe kamba moja, akaitenganisha. "Kwa nyumba" ni chumba anacholipia kodi kila mwezi. "Nyumbani" ni kule. Si uzembe wa kusahau kiambishi, kwa sababu mtu huyohuyo hasemi kamwe "naenda kwa nyumba Krismasi" akimaanisha Vihiga. Kosa linalofuata mpaka wa maana kwa uaminifu wa namna hiyo linastahili kuitwa sarufi, ingawa ni sarufi ya mtaa.

Chanzo chake hakijajificha. Lugha za kwanza za wakazi wengi wa mitaa hii zina maneno mawili pale ambapo Kiswahili kina shina moja. Katika Kijaluo, ot ni nyumba na dala ni boma la mtu. Wagikuyu wana nyũmba na mũciĩ, Wakamba wana nyũmba na mũsyĩ, na katika lahaja kadhaa za Kiluhya tunapata inzu na ingo. Mtu anapohamia Kiswahili huja na mpaka huo kichwani, na akikuta hauna ua hujijengea mwenyewe kwa vifaa alivyopewa.

Hapa sharti niingize dokezo. Mũciĩ wa Wagikuyu, mũsyĩ wa Wakamba na umuzi wa Wazulu ni ndugu wa damu wa neno letu "mji". Shina ni moja katika lugha za Kibantu, na maana yake ya kale ni makao ya ukoo. Waswahili, kwa kuwa waliishi katika miji ya mawe na ya makuti kandokando ya bahari kwa karne nyingi, makao yao yalikuwa mji kwa maana zote mbili. Huku bara maana ikagawanyika. Neno lililomaanisha nyumbani kwa nyanya ndilo leo, likiwa limevishwa umbo la ukubwa na kuwa "jiji", humaanisha mahali ambapo watu hupakata mizigo usiku kucha wakipahama.

Kuna jozi nyingine inayofanya kazi hiyohiyo bila kumuudhi mwalimu yeyote: "kwangu" na "kwetu". Muulize mtu wa Kibera anakoishi, atakwambia, "Kwangu ni Laini Saba." Muulize anakotoka: "Kwetu ni Ugenya." Chumba kimoja chenye kitanda, jiko na pazia katikati ni cha mtu binafsi, hata kama humo wanalala watu sita. Boma la mashambani ni la wengi, hata kama kwa miezi kumi na mmoja halina mtu ila bibi mzee na mjukuu mmoja. Sijawahi kumsikia mtu akisema "kwangu Ugenya" isipokuwa yule aliyekwisha kujenga huko, tena husema kwa fahari, akisubiri umuulize ni nyumba ya vyumba vingapi.

Na kujenga huko si mzaha. Kwa desturi ya Wajaluo, kijana aliyebalehe hujengewa kibanda chake ndani ya boma la baba, kiitwacho simba (asikitishike msomaji wa pwani, hakihusiani na mnyama). Baadaye, akiwa na mke na mtoto wa kiume, hutoka rasmi na kuanzisha dala lake. Mwanamume wa miaka 45 aliyefanya kazi ya ujenzi Nairobi maisha yake yote, akirudi Desemba bila simba wala dala, hulala wapi? Swali hilo ndilo linalowafanya baadhi ya watu wabaki Kibera wakisingizia kazi. Wanaojenga maghorofa ya Kilimani na Lavington, hatua chache kutoka Kawangware, hawana mlango wa kufungua kwao. Huo ndio uzito wa neno "unaenda lini".

Wapo wanaodhani kwamba mgawanyiko huu wa nyumba na nyumbani ni mila tupu, kitu tulichorithi kutoka kwa mababu kikiwa kizima. Sikubaliani nao moja kwa moja. Serikali ya kikoloni iligawa nchi kwa misingi ya makabila na kuwatengea Waafrika maeneo ambayo wazee wetu waliyaita "rizavu". Mpaka leo, katika sehemu za Magharibi na Nyanza, utamsikia mzee akisema amerudi rizavu. Nairobi ilikuwa ya kazi. Sheria ya usajili wa wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, aghalabu katika kijaluba cha bati shingoni, kikionyesha alikotoka na aliyemwajiri. Nyumba nyingi alizojengewa mjini zilikuwa vyumba vya mwanamume asiye na familia, kwa kuwa ilidhaniwa familia iko kwao na kazi ikiisha naye atarudi kwao. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901, na ambayo inapita katikati ya Kibera hata leo, ilisafirisha watu waliotakiwa kufika mjini bila kuwa wa mji. Tunaposema "nyumbani" tukimaanisha kule tu, tunasema pia kwa sauti ya sheria ile, hata kama kipande kilikwisha kutupwa.

Mahakama zetu ziliwahi kulijadili neno hili kwa miezi mitano. Mnamo Desemba 20, 1986, siku tano kabla ya Krismasi, wakili mashuhuri Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Hoja ya ukoo iliegemea tofauti ya ot na dala: kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba Nairobi, Ngong au kokote atakako, lakini nyumbani kwake ni kwa baba zake. Hata mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Henry Odera Oruka, aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila. Mahakama ya Rufani ikaamua upande wa ukoo mnamo Mei 15, 1987, na wakili akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo.

Mtu aweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo. Mimi naona mjane hakutendewa haki. Ninachotaka mwanaisimu akione ni kwamba hoja nzima ingekuwa vigumu kuisema kwa Kiswahili sanifu. "Nyumba yake ilikuwa nyumbani lakini si nyumbani kwake" ni fumbo. Kwa Kiswahili cha Kibera inasemeka bila jasho: alikuwa na nyumba huku, nyumbani ni kule. Wala tofauti hiyo haiishii mahakamani. Kila wiki kuna mchango wa kusafirisha mwili kutoka mitaa hii, na basi linalobeba jeneza huifuata barabara ileile ya Krismasi. Aliyeshindwa kwenda nyumbani miaka 20 kwa kukosa nauli huchangiwa nauli akiwa maiti.

Tuje kwa "ushago". Hili ni neno la Sheng, na kwa sasa ndilo linalotawala. Aghalabu huhusishwa na neno la Kikikuyu gĩcagi, kijiji. Wakati wa Hali ya Hatari, hasa kuanzia mwaka 1954, Waingereza waliwatoa Wagikuyu kwa nguvu katika makao yao yaliyotawanyika vilimani na kuwakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na walinzi. Vijiji hivyo ndivyo vilivyoitwa icagi. Ajabu ya lugha ni hii: neno lililowahi kumaanisha kufungiwa, vijana wa Nairobi wamelifanya neno la kuku wa kienyeji, usingizi mrefu na hewa safi.

Kisarufi, ushago ni neno la kuchekesha kwa ukamilifu wake. Limechukua u- kama Ulaya, Uchina na Ubelgiji, yaani limejiunga na majina ya nchi. Halikubali -ni, hakuna asemaye "ushagoni". Na halipatanishwi kwa u- kama ugali au ukuta. Huwezi kusikia "ushago wetu umenyesha". Utasikia "ushago kwetu kumenyesha", "ushago kuko sawa", upatanisho wa mahali usio na dosari hata kidogo. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba Sheng imemharibia Kiswahili anatumia ngeli ya mahali kwa usahihi ambao wanafunzi wengi hukosa mtihanini.

Vyombo vya habari, hili gazeti likiwemo, hupendelea "mashambani". Sina ugomvi nalo, ila lina upungufu. Mtu anayekwenda mjini Homa Bay au Bungoma haendi mashambani, anakwenda mji mwingine. Tena kwa Waswahili wa pwani "shamba" kinyume chake ni "mjini", na "mtu wa shamba" ni tusi jepesi. Kwa mtu wa Mombasa, Kibera na Siaya zote ni "bara". "Ocha", neno jingine la Sheng kwa maana iyo hiyo, bado halijavuka sana mipaka ya Nairobi. Kwa hiyo ushago linashinda kwa kukosa mpinzani: halitaji kilimo wala kijiji, hutaja tu kule ambako msemaji hayuko.

Jambo ambalo sitalitetea ni "anko". Mtoto wa Kawangware akishushwa Mumias au Rongo hukuta ua umejaa watu, na kila mwanamume ni anko, kila mwanamke ni anti, kila mtoto ni kazo. Kiswahili hakihitaji umaskini huu. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Ndugu wa baba si mjomba: ni baba mdogo au baba mkubwa, na pwani ni ami. Dada wa baba ni shangazi; dada wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa. Lugha za nyumbani hutofautisha hivyo hivyo: Mjaluo ana nera kwa upande wa mama na waya kwa dada wa baba, na Waluhya wengi wana khotsa na senge. Neno anko hufuta mstari unaobeba mahari, urithi na nani atasimama nawe msibani. Mtoto akimwita ndugu mdogo wa baba yake "anko", nyanya husikia amemfanya baba wa mtoto huyo kuwa mtu wa ukweni, na hunyamaza tu kwa kuwa ni mgeni.

Watafsiri wetu nao wamehangaika na "familia pana" na "familia tandaa" kana kwamba Waswahili waliishi wawili wawili mpaka kamusi ilipowasili. Tuna ukoo, tuna mlango, tuna jamaa. Mkazi wa Kibera husema kwa ufupi zaidi: "watu wa nyumbani". Familia kwake ni mke na watoto. Watu wa nyumbani ni wale wanaopiga simu Desemba.

Nimeacha mwisho kundi ambalo swali "unaenda lini" haliliulizi chochote. Jina lenyewe Kibera lilitokana na neno la Kinubi, kibra, msitu. Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mfalme wa Uingereza katika Afrika Mashariki, walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya wengi wanaoitwa wenyeji wa Nairobi kufika. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu. Wengi ni Waislamu, hivyo Krismasi si yao kwa dini. Lakini hata Idi hawaendi kokote. Wanaingia Makina, wanatoka Makina. Kwao "kwangu" na "kwetu" ni mahali pamoja, na "nyumbani" hubeba mizigo yake miwili bila kulalamika, kama katika vitabu vya sarufi.

Nchi haikuwaelewa kwa urahisi. Vitambulisho vya Kenya vya kizazi cha pili viliandikwa nyuma wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Kwa Wakenya wengi hayo ni maelezo ya ushago. Kijana wa Kinubi akienda kuomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kuhakiki asili yake, akaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Akijibu Kibera, jibu lilichukuliwa kama anwani. Mnamo 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowapa uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera. Ni sehemu ndogo ya ardhi waliyoanza nayo. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, karatasi ya serikali ilikubali kwamba mtu aweza kutoka Kibera.

Na Wanubi huenda wasibaki peke yao. Sikiliza watoto wa Gatwekera, Lindi na Kisumu Ndogo, waliozaliwa hapo na wazazi waliozaliwa hapo. Wakishaanza kuchoka ushago, siku mbili tatu baada ya Mwaka Mpya, mbu wamewauma na simu hazina moto, huwauliza mama zao swali ambalo mama hawakuwahi kuwauliza mama zao: "Mathe, tunarudi home lini?" Wanamaanisha Kibera. Mama husahihisha, "Hapa ndio nyumbani, kule ni kwa nyumba." Mtoto hukubali kwa kichwa, kisha kwenye basi, lango la Nairobi linapoonekana na Njaanuari ikisubiri na karo mkononi, humwambia jirani yake wa kiti kwamba sasa amefika kwao.